Keekee ya barafu kwenye baridi kali: ya mkono, drili, ya betri au ya petroli?

Unatoboa tundu la kuvulia samaki kwenye ziwa lililoganda, umefika sentimita 40 ndani ya barafu, na drili inanyamaza. Kabla hujaanza, taa za betri zilikuwa tatu. Sasa imebaki moja, nyekundu, inapepesa. Msokoto, ule mhimili wa skrubu wenye visu vya kukata barafu, umekwama tunduni, maji hayajatoka, na kipimajoto kinasoma nyuzi 22 chini ya sifuri. Unachomoa betri kwa vidole ambavyo havisikii tena, unaisukuma ndani ya koti hadi kwapani, unasubiri. Baada ya kama dakika 20 unairudisha, unabonyeza swichi, na keekee inamaliza tundu kana kwamba hapakutokea neno.

Betri ile haikuwa imeisha, ilikuwa imezizima. Ukishaelewa tofauti hiyo, kuchagua keekee kunakuwa rahisi zaidi, kwa sababu baridi haizipigi zote mahali pamoja. Kwa keekee ya mkono inakupiga wewe mwenyewe. Kwa zile za betri inapiga betri. Kwa ya petroli inapiga dakika zile za kuwasha. Swali langu kwa kila anayeniomba ushauri ni hili: ni wapi kati ya hapo unaweza kujikinga vizuri zaidi?

Vigezo vya kuangalia kwanza

Cha kwanza ni ujazo wa barafu utakayoiondoa, na hiki ndicho kigezo ambacho wanunuzi wengi hukiruka. Mtu anasoma kipenyo kwenye lebo, sentimita 15, 20 au 25, anaona ni tofauti ya vidole vichache tu. Hesabu ya duara inasema vingine. Kwenye barafu yenye unene wa sentimita 50, tundu la 15 linakutaka utoe karibu lita 9 za barafu. La 20 linataka karibu lita 16. La 25 linafika lita 24 na nusu. Yaani kutoka tundu dogo hadi kubwa kazi inakaribia kuwa mara tatu, na betri ni ileile, bega ni lilelile. Samaki wa ukubwa wa kiganja anapita kwenye tundu la 15 bila shida. La 20 linawatosha wengi wa wale wakubwa. La 25 ni la mtu anayewafuata majitu hasa, na mtu huyo anajijua. Usinunue kipenyo kikubwa kwa ajili ya samaki unayemwota tu.

Cha pili ni baridi ya siku zako za kawaida, si ile ya siku moja mbaya kuliko zote. Nyuzi 5 chini ya sifuri na nyuzi 25 chini ya sifuri ni dunia mbili kwa betri.

Kisha kuna namna unavyofika: kwa miguu ukivuta sleji, kwa pikipiki ya theluji, au kwa gari. Kuna mikono yako na teke la mashine inapokwama ghafla. Kuna kelele na moshi, hasa kama unavulia ndani ya hema. Mwisho ni matunzo, yaani mashine itakudai nini ukiwa nyumbani.

Kabla sijaanza kuzipitia, kuna neno moja linalozihusu zote. Makali butu huharibu sifa ya keekee yoyote. Nimesikia watu wengi wakilalamikia betri wakati ukweli ni kwamba visu viliguswa na mchanga msimu uliopita. Kisu kikali hukata barafu kikatoa vipande virefu vyembamba. Kikitoa unga mlaini, kimechoka, na kila lita ya barafu sasa inakula nguvu zaidi.

Keekee ya mkono

*Kazi.* Kwenye barafu isiyozidi sentimita 30 na kipenyo cha 15 au chini yake, mtu mwenye afya anatoboa tundu kwa muda mfupi na haoni sababu ya kubeba mashine. Barafu ikipita nusu mita, tundu la tano linakuwa kazi ya kweli, na la kumi unalifikiria mara mbili.

*Kwenye baridi.* Haina kitu cha kugoma: hakuna seli wala kabureta. Anayeathirika ni wewe, na si kwa kuchoka tu. Ukizungusha kwa nguvu unatoka jasho, jasho linalowesha nguo za ndani, kisha unakaa kimya kwenye ndoo ukiangalia mshipi. Hapo ndipo baridi inaingia mwilini. Anayetumia keekee ya mkono afungue koti kabla ya kuanza, azungushe polepole, na afunge koti mara tu anapomaliza.

*Mwilini.* Ni nyepesi kuliko zote, hujikunja katikati, na huenda popote mguu unapofika. Bega na kiwiko chenye maumivu ya zamani vitalalamika.

*Kelele na moshi.* Kimya kabisa. Msimu ukianza, barafu ikiwa nyembamba na maji ya kina kifupi, ukimya huo ni mali.

*Matunzo.* Visu tu, na kifuniko cha visu.

*Inamfaa* anayetoboa matundu machache, anayetembea kwa miguu, anayevua mwanzo wa msimu. Inamfaa pia mwenye mashine nyingine yoyote, kama akiba kwenye sleji.

Drili ya betri yenye msokoto wa barafu

Hii ndiyo njia iliyowavutia wengi miaka ya karibuni, na sababu inaeleweka: drili tayari unayo nyumbani, unanunua msokoto tu.

*Kazi.* Inategemea drili. Ile ndogo ya kufungia skrubu za kabati haitafanya kazi hii. Unahitaji drili yenye mota isiyo na brashi, yenye mpini wa pembeni na nguvu ya kuzungusha ya kutosha. Wengi huanzia Newton-mita 80 kwenda juu, na kwa kipenyo cha 20 ningetaka zaidi ya hapo. Weka gia ya chini, na zima kabisa kipigo cha nyundo. Mashine ya kugonga ya kufungia boliti si mbadala, hata ikiwa na nguvu kubwa kwenye karatasi. Ukipata drili ya haki na msokoto mwepesi wa 15 au 20, kasi yake inaridhisha sana.

Usome wati-saa, yaani jumla ya nishati iliyomo kwenye betri, usisome volti. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Na usichanganywe na sanduku linaloandika 20 pale ambapo jingine limeandika 18, maana ni seli 5 zilezile, moja ikitaja kilele cha chaji na nyingine wastani wake.

*Kwenye baridi.* Hapa ndipo penye kisa cha mwanzo wa makala hii. Betri ya drili ni ndogo, kwa hiyo inapoa haraka. Drili inaivuta kwa nguvu kubwa ghafla, na betri baridi ina ukinzani mkubwa ndani yake. Volti inashuka kwa kishindo, ulinzi wa betri unakata umeme, nawe unadhani chaji imekwisha. Faida yake iko kwenye udogo huohuo: betri inaingia ndani ya koti. Betri kubwa ya keekee kamili huwezi kuivaa. Angalia pia taya za drili. Theluji ikiingia humo ikayeyuka kisha ikaganda, taya hazifungi wala hazifunguki.

*Mikononi.* Sehemu hii naomba uisome mara mbili. Visu vikikwama karibu na mwisho wa tundu, pale barafu inapokaribia kukatika, msokoto unasimama na drili ndiyo inayozunguka, pamoja na kifundo cha mkono wako. Tumia mpini wa pembeni kila mara, uegemeze kwenye paja, miguu ikiwa imetanuka. Skafu na mikono mipana ya koti viwe vimefungwa. Halafu kuna hatari ya taya kulegea na msokoto kuzama ziwani. Misokoto mingine huelea, ya chuma haielei. Kisahani kipana cha kuzuia, kinachokaa kati ya drili na msokoto, huzuia hasara hiyo, na sioni sababu ya kutokuwa nacho. Ukitaka kutumia msokoto wa zamani wa keekee ya mkono, angalia kwanza unakata ukizungushwa upande gani. Baadhi hukata kwa kuzungusha kushoto, na hiyo kwenye drili ni kualika taya zifunguke.

*Kelele na moshi.* Sauti ya wastani, moshi hakuna, hivyo ndani ya hema ni salama.

*Matunzo.* Kausha drili, toa unyevu kwenye taya. Kumbuka drili hii ilitengenezwa kwa ajili ya karakana, si kwa uji wa barafu.

*Inamfaa* mwenye drili nzuri na betri mbili au zaidi tayari, kwenye barafu ya wastani, anayependa mzigo mwepesi.

Keekee ya betri iliyotengenezwa kwa barafu tu

*Kazi.* Hapa mota, gia na msokoto vilibuniwa pamoja. Kipenyo cha 20 ni kawaida yake, na 25 inawezekana kwa betri kubwa. Nyingi huandikwa volti 40, yaani seli 10 mfululizo ambazo wastani wake ni volti 36. Ikiwa na ampea-saa 4, hiyo ni wati-saa 144. Ulinganishe na 90 za drili, na ukumbuke kwamba tundu la 20 linataka karibu mara mbili ya kazi ya tundu la 15. Hivyo mwenye drili na tundu la 15 anaweza kutoboa matundu mengi kwa chaji moja sawasawa na mwenye mashine kubwa na tundu la 20. Wengi wanashangaa kusikia hivyo.

*Kwenye baridi.* Ni lithiamu ileile na udhaifu uleule. Lakini betri kubwa hupoa taratibu, na mzigo unagawanywa kwa seli nyingi, hivyo volti haishuki kwa kishindo kile. Swichi zake nyingi zimetengenezwa zibonyezwe na mkono wenye glavu nene. Usidharau jambo hilo, maana kila mara unapovua glavu unapoteza dakika za vidole.

*Mwilini.* Mipini miwili mipana inalipokea teke la mashine kwa mikono yote miwili, na hapa inaishinda drili waziwazi. Kwenye uzito inashindwa: yenye msokoto wa chuma inaweza kukaribia kilo 10, ya msokoto wa plastiki ngumu ni nafuu. Kwa mwendo wa kilomita kadhaa kwa miguu, utaihisi.

*Kelele na moshi.* Kama drili. Nyingi zina kurudi nyuma, na hilo ni msaada: unarudisha uji wa barafu chini ya tundu badala ya kuuchota.

*Matunzo.* Kidogo. Tatizo ni betri yenyewe, ambayo mara nyingi haingii kwenye kifaa kingine chochote ulichonacho. Ikichoka, unategemea mtengenezaji yuleyule.

*Inamfaa* anayevua mara kwa mara, anayehama tundu hadi tundu siku nzima, mwenye sleji au chombo cha kubebea, na anayejali mikono yake.

Ya petroli au ya gesi

*Kazi.* Barafu ya mita moja, kipenyo cha 25, kambi ya siku tatu mbali na umeme: hapa bado ina hoja nzito. Petroli haipunguzi nguvu zake kwa sababu ya baridi, na galoni ndogo inakuongezea siku nzima.

*Kwenye baridi.* Ugumu uko kwenye kuwasha. Oili imekuwa nzito, kamba inavutwa na kuvutwa, plagi inalowa. Ikishawaka na kupata joto, inafanya kazi bila kukumbuka baridi. Ya gesi ya propani haihitaji kuchanganyiwa oili, lakini propani huacha kugeuka mvuke ikifika nyuzi 42 chini ya sifuri, na shinikizo huanza kulegea mapema kabla ya hapo. Mtungi mdogo uliolala kwenye theluji usiku kucha utakuwa mvivu asubuhi.

*Mwilini.* Nzito kuliko zote.

*Kelele na moshi.* Usiiwashe ndani ya hema. Usiseme ni sekunde chache, usiseme zipu iko wazi. Kaboni monoksidi iliyo ndani ya moshi wake haina harufu wala rangi, na inaua. Toboa kwanza, kisha simamisha hema juu ya tundu.

*Matunzo.* Mengi: mafuta ya zamani kumwagwa, kabureta kusafishwa, mchanganyiko kupimwa sawasawa. Na harufu ya petroli hubaki kwenye glavu, kisha hufika kwenye chambo.

*Inamfaa* aliye mbali na umeme kwa siku nyingi, mwenye barafu nene sana, na ambaye tayari ameizoea injini.

Ukichagua betri, baridi iikute imejificha

Usiache betri kwenye mashine wakati wa kusubiri samaki. Ichomeke dakika ya kutoboa, ichomoe ukimaliza. Ya drili ikae mfuko wa ndani wa koti. Ile kubwa ikae kwenye sanduku la kupozea vinywaji, ambalo ganda lake linazuia joto lisitoke kama linavyolizuia lisiingie, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Usiiegemeze kwenye hita. Unataka iwe na uvuguvugu tu.

Toboa matundu mfululizo. Betri inayofanya kazi hujipasha yenyewe, kwa hiyo matundu manane kwa pamoja mwanzoni ni rahisi kwake kuliko tundu moja kila saa. Mimi hufanya hivyo hata kama baadhi ya matundu sitayatumia.

Usichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0. Kuitumia kwenye baridi kunapunguza tu nguvu kwa muda, na nguvu hizo zinarudi ikipata joto. Kuichaji ikiwa baridi ni jambo jingine: lithiamu hujipaka kama chuma kwenye ncha hasi ya seli, na madhara hayo hayarudi nyuma. Ukifika nyumbani, iache ndani ya chumba kwa saa kadhaa ipate joto hadi kiini, ndipo uichomeke kwenye chaja. Mashine nayo iache ndani ya begi lililofungwa kwa muda, ili unyevu wa chumba ugande kwenye begi badala ya kwenye mota. Msimu ukiisha, hifadhi betri ikiwa na chaji karibu nusu.

Visu vikiota barafu kati ya tundu na tundu, usivigonge kwenye barafu. Vitumbukize kwenye maji ya tundu ulilotoboa. Maji hayo yana joto kuliko hewa, nayo yatavisafisha. Kisha vikung'ute, uvifunike. Na usiache msokoto umesimama ndani ya tundu ukidhani ni kishikio kizuri, maana utaganda humo.

Kwa hali yako

Kama ndiyo kwanza barafu imeshika, nenda na keekee ya mkono na mtaimbo. Idara ya maliasili ya jimbo la Minnesota nchini Marekani inashauri angalau sentimita 10 za barafu mpya angavu kabla ya mtu kutembea juu yake, na barafu nyeupe yenye theluji inahesabiwa kuwa na nusu tu ya nguvu hiyo. Gonga mbele yako kwa mtaimbo, toboa karibu na ufuko, pima, songa, pima tena. Siku hiyo unachohitaji ni mkono mwepesi na masikio yaliyo wazi.

Kama unatembea kilomita mbili au tatu na barafu ni ya sentimita 30 hadi 50, drili yenye msokoto mwepesi wa 15 na betri mbili kwenye koti inatosha. Kama huna drili ya kiwango hicho, usiinunue kwa ajili ya barafu peke yake kabla hujajaribu keekee iliyobuniwa kwa kazi hii. Huenda mikono yako ikaipenda zaidi ile.

Kama unaenda na watoto au wazee kwenye hema, chagua mojawapo ya zile za betri, na tundu la 20 likiwa limeandaliwa kabla hawajaketi. Kama kifundo cha mkono wako kiliwahi kuteguka, achana na drili hata ukiwa nayo ya bure.

Kama matundu yako ni 30 kwa siku kwenye barafu ya sentimita 70, chukua keekee kamili ya betri yenye betri ya akiba ndani ya sanduku lenye joto. Ukiwa siku tatu mbali na umeme kwenye barafu hiyohiyo, chukua petroli. Na kama unasafiri kwa ndege, soma wati-saa kabla ya kufungasha. Mashirika kwa kawaida huruhusu betri hadi wati-saa 100 bila kuomba kibali, kati ya 100 na 160 unaomba, na betri za akiba hukaa kwenye mzigo wa mkononi. Betri ya drili ya wati-saa 90 inapita. Kwa ile ya 144 utalipigia shirika simu kwanza.